Tunaijua Filipi, Hatuijui Mahiwa

Kijana wa Kitanzania aliyemaliza kidato cha sita anaweza kukutajia mahali Brutus alipojiua. Ni Filipi. Ameipata kwenye tamthiliya ya Shakespeare, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na ikaitwa Juliasi Kaizari. Kama hakuisoma, amewasikia wenzake wakiitaja. Sasa mwulize Mahiwa ni wapi. Nimewauliza watu wengi swali hilo, wakiwemo walimu wa historia na rafiki zangu waliozaliwa Lindi mjini. Jibu ninalopata mara nyingi ni, "Si kule karibu na Nyangao?" Basi, yanaishia hapo.

Ndiyo, ni kule karibu na Nyangao, katika bonde la mto Lukuledi, upande wa barabara itokayo Mingoyo kwenda Masasi. Hapo, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, yalipiganwa mapigano ambayo wanahistoria wanayahesabu kuwa ya umwagaji damu mkubwa kuliko yote ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Jeshi la Uingereza lilikuwa na watu wapatao 5,000. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na watu 1,500 hivi. Bunduki ziliponyamaza, Waingereza walikuwa wamepoteza watu wapatao 2,700, kwa kuhesabu waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wajerumani walikuwa wamepoteza zaidi ya 500.

Nasema "Waingereza" na "Wajerumani" kwa sababu ndivyo vitabu vinavyosema, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Tuangalie ni nani hasa waliokuwa wamelala kwenye mahandaki ya Mahiwa. Upande wa Mwingereza kulikuwa na Brigedi ya Nigeria, vijana walioletwa kwa meli kutoka Afrika Magharibi, wengi wao wakizungumza Kihausa. Kulikuwa na keya, yaani askari wa King's African Rifles, wakiwemo Wayao wa Nyasaland. Kulikuwa na Wahindi. Upande wa Mjerumani kulikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani, na watu wa makabila mengine ya koloni. Wazungu walikuwepo pande zote mbili, lakini walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa na kazi ya kutoa amri. Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi wenye masanduku ya risasi na magunia ya chakula kichwani.

Ukitaja vita hivyo leo, utaambiwa, "Achana navyo, vilikuwa vita vya wazungu." Nimelisikia neno hili darasani, kwenye daladala na kwenye vikao vya wasomi. Husemwa kwa sauti ya mtu mwenye busara, kama vile anakuepusha na kasumba ya kikoloni. Mimi naona ni neno la uvivu, tena lina madhara. Lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayolifanya lidumu.

Nusu ya ukweli ni hii: chanzo cha vita kilikuwa ugomvi wa nyumba moja. Mfalme George wa Tano wa Uingereza na Wilhelm wa Pili wa Ujerumani walikuwa wajukuu wa bibi mmoja, Malkia Victoria. Cheo cha huyo Wilhelm, Kaiser, ni jina lilelile la Kaizari wa Roma, lililopita midomo mingi hadi kufika Berlin. Vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ulaya. Hadi hapo nakubaliana na wanaoniambia niachane navyo.

Lakini tuwaulize Warumi wenyewe vita vya wenyewe kwa wenyewe hupiganwa wapi. Kaisari na Pompeius walikuwa wakigombea Roma, lakini pambano lao kubwa la mwaka 48 KK lilikuwa Farsalo, katika nchi ya Wagiriki. Filipi, mwaka 42 KK, ilikuwa Makedonia. Aktio, mwaka 31 KK, ambako Octavianus aliwashinda Antonius na Kleopatra, ilikuwa pwani ya Ugiriki. Na mwaka 46 KK, wafuasi wa Pompeius walipokataa kusalimu amri, pambano lilikuwa Thapsus, katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Kwa sehemu kubwa, Warumi walikwenda kuuana kwenye mashamba ya watu wengine. Mkulima wa Thesalia hakuwa na kura Roma, lakini ngano iliyokanyagwa ilikuwa yake.

Thapsus inatuhusu zaidi kuliko Filipi. Yuba, mfalme wa Numidia, alichagua upande katika ugomvi huo wa Warumi. Upande wake ukashindwa, yeye akafa, na nchi yake ikafanywa jimbo la Roma. Gavana wake wa kwanza, Sallustius, yule mwandishi wa historia, alirudi nyumbani akituhumiwa kuwapora wenyeji. Kisha Kaisari akafanya gwaride la ushindi jijini Roma. Kwa kuwa ilikuwa aibu kushangilia kifo cha Warumi wenzake, alilitangaza kuwa ni gwaride la kumshinda Yuba. Mtoto wa Yuba, aliyekuwa bado mdogo sana, akapitishwa barabarani mbele ya umati. Kwa hiyo Waafrika walitoa uwanja wa vita, wakatoa damu, wakapoteza nchi, na mwishowe wakafanywa ndio maadui wenyewe. Nikiisoma habari hiyo naiona Lindi.

Tena Lindi haikulazimika kuwa Thapsus. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, uleule uliohalalisha kugawana bara letu, ulikuwa na kifungu kilichoruhusu makoloni ya eneo hili kubaki nje ya vita iwapo wakubwa wangepigana Ulaya. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lake lisiingie vitani. Waingereza waliupiga Dar es Salaam kwa mizinga ya meli tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya kutangaza vita. Naye Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani hapa, hakutaka kusikia habari za kutopigana. Hesabu yake ilikuwa kwamba kila mwanajeshi wa Mwingereza atakayehangaika porini Afrika ni mmoja aliyepunguzwa Ufaransa. Katika hesabu hiyo, koloni lilikuwa chambo, na watu wake walikuwa sehemu ya chambo hicho.

Na chambo kilitupwa kwa watu gani? Julai 1905 vita vya Majimaji vilianza kule Nandete, katika milima ya Umatumbi, ndani ya Kilwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Moto ukashuka hadi bonde la Lukuledi, na misheni ya Nyangao ikachomwa mwaka huohuo. Wajerumani walijibu kwa risasi, kisha kwa silaha kubwa kuliko risasi, yaani kuchoma ghala na mashamba ili njaa imalize kazi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Septemba 1916, miaka kumi na moja tu baadaye, Waingereza walitua Kilwa na Lindi. Julai 1917 wakapigana na Wajerumani Narungombe, bara ya Kilwa. Oktoba ikawa Mahiwa. Mtoto aliyezaliwa katika njaa ya Majimaji alikuwa bado hajabalehe njaa ya pili ilipobisha hodi.

Mapigano yenyewe yanaeleza mengi. Jenerali Wahle wa Ujerumani alikuwa akirudi nyuma taratibu mbele ya majeshi yaliyotoka Lindi. Brigedi ya Nigeria ikatumwa kutoka upande wa Kilwa izunguke na kumfungia njia kwa nyuma. Lettow akatembeza makampuni yake haraka kuja kumwokoa Wahle, na Wanigeria wakajikuta wao ndio waliozingirwa Mahiwa, hawana chakula cha kutosha wala maji. Jenerali Beves, aliyeongoza upande wa Waingereza, akaamua kushambulia usoni moja kwa moja. Lettow alikuwa amekwisha kupambana naye karibu na Kilimanjaro mwaka 1916 na aliijua tabia yake hiyo. Akajaza watu na bombomu mahali alipojua Beves atapiga. Wimbi moja baada ya lingine la askari likatumwa kwenye risasi hizo.

Lettow alishinda siku ile, na alipandishwa cheo kwa ajili yake. Lakini ushindi huo ndio uliomfukuza. Mwingereza angeweza kuleta wengine badala ya 2,700. Yeye hakuwa na njia ya kurudisha 500 wake wala risasi alizozitumia. Wiki tano baadaye aliwaacha wagonjwa na majeruhi wake wengi mikononi mwa Waingereza, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno na watu wapatao 2,000 wenye bunduki. Utawala wa Mjerumani katika nchi hii ulikwisha pale. Swali la nani atatutawala miaka arobaini na zaidi iliyofuata lilipata jibu lake katika bonde la Lukuledi, kabla ya wanasiasa kuliandika kwenye karatasi za Versailles. Taifa linalosherehekea Uhuru wa mwaka 1961 halina sababu ya kutojua mahali ambapo mkoloni mmoja alimkabidhi mwenzake funguo.

Hapa nina maneno na wapenzi wa Lettow. Wapo Ulaya, na siku hizi wapo hata kwetu, kwenye video za mtandaoni zinazomsifu kama bingwa wa vita vya msituni ambaye hakushindwa. Ni kweli alisalimisha silaha huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, baada ya vita vya Ulaya kwisha. Machi 1919 alipita na wenzake chini ya Lango la Brandenburg mjini Berlin wakishangiliwa. Kitabu chake kimoja akakiita Heia Safari!, kwa kutumia neno letu. Lakini kabla ya kuja huku alikuwa kwenye jeshi la von Trotha, lililowaangamiza Waherero. Na mwaka 1920, baada ya kurudi kwao, alijiunga na jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri. Kutoshindwa kwake kulilipwa kwa mahindi na mihogo ya wengine. Ludwig Deppe, daktari wa jeshi lake mwenyewe, aliandika mara baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, ghala zilizoporwa na njaa, akayafananisha hayo na Vita vya Miaka Thelathini vilivyoiteketeza Ujerumani karne tatu nyuma. Daktari yule aliuona ukweli ambao mashabiki hawautaki. Jeshi lisilo na ghala lake linakula ghala la kijiji, na jeshi la Mwingereza lililomfuata lilikula kilichobaki.

Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na sisi wenyewe. Nadhani najua kwa nini tunasema "vita vya wazungu" na kunyamaza. Majimaji inatupa picha tunayoipenda, ya makabila mengi yaliyosimama pamoja mbele ya mkoloni mmoja. Mahiwa haina picha hiyo. Mahiwa inatuonyesha sisi tukiwa pande zote mbili. Baadhi ya askari wakongwe wa Lettow walikuwa wamepata sifa zao kwa kuchoma vijiji wakati wa Majimaji. Kwao jeshi lilikuwa mshahara, heshima, bunduki, na mamlaka juu ya mwanakijiji. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR kwa kuwaandikisha askari waliotekwa kutoka kwa Mjerumani. Fikiria hilo: mtu aliyekuwa akimlenga Mwingereza mwaka jana, mwaka huu anamlenga mwenzake waliyekula sahani moja, na amri anapewa kwa Kiswahili kilekile. Myao wa Nyasaland alikuja kupigana katika nchi ambako Wayao wenzake walikuwa wakilima. Kama hivyo si vita vya wenyewe kwa wenyewe, basi sijui tunaviita nini. Tofauti na Warumi ni kwamba sisi tuliuana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya ugomvi wa wenyewe wengine.

Ndiyo maana tunaona haya. Hakuna shujaa wa kuchongwa sanamu asiye na doa. Lakini historia yenye mashujaa watupu ni maziwa ya mtoto, na wasomaji wa ukurasa huu wamekwisha kuota meno. Tunapaswa kuwa na uwezo wa kusema mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba askari alitumiwa, na kwamba askari naye alitumia. Nchi ambayo haiwezi kusema hivyo kuhusu mwaka 1917 haitaweza kusema hivyo kuhusu mgambo wa leo anayemwaga ndoo ya maandazi ya mama lishe.

Na hata kama askari wanatutatiza, wapagazi je? Waingereza walikusanya wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivi vya Afrika Mashariki. Vifo vilivyoandikwa rasmi ni karibu 95,000, na watafiti wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa kuliko risasi. Kwa upande wa Mjerumani hakuna hesabu ya kuaminika hata kidogo. Wengi hawakujiandikisha, walikamatwa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lipo mdomoni mwetu kila siku tunaposema twende Kariakoo tukanunue viatu. Soko kubwa kuliko yote nchini limebeba jina lao, na wanunuzi hawajui wanatamka nini.

Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini haina jina la mpagazi hata mmoja. Huo haukuwa usahaulifu, ulikuwa utaratibu. Afisa wa Kizungu alipata kaburi lake na jiwe lenye jina lake. Mwafrika alipata sanamu ya jumla. Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Serikali ya Uingereza nayo iliomba radhi bungeni. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba msamaha kwa ajili ya Majimaji, na alifanya vema. Lakini njaa ya 1917 haikuwa kwenye hotuba zetu wala zao. Sisi hatukuiuliza. Nani atakuomba radhi kwa jambo ambalo wewe mwenyewe unasema halikuhusu?

Linganisha na Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale katika kilima hicho, si mbali na Lindi, na wapagazi wakaibeba kwa vichwa hadi bandarini. Mjusi mmoja amesimama Berlin hadi leo, na suala lake limefika bungeni Dodoma zaidi ya mara moja. Sipingi kumdai. Lakini nashangaa taifa linaloijua mifupa ya mjusi iliyobebwa, na halina habari na mifupa ya waliobeba.

Najua jibu litakalokuja: watu wa Mtama na Nyangao wana shida ya maji, bei ya korosho inapanda na kushuka, nani ana muda wa mizimu ya mwaka 1917? Nawaheshimu wanaosema hivyo kutoka shambani. Siwaheshimu wanaosema hivyo kutoka ofisini, kwa sababu haohao wanapata muda na fedha za semina zisizo na mwisho. Tena ninayoyadai si ghali. Mahiwa iingie katika kitabu cha historia cha sekondari kwa aya tatu zinazosema nani alipigana, nani alibeba, na nani alikufa njaa. Uwekwe ubao wa Kiswahili kando ya barabara kuu, ambapo basi la Masasi likipita mtoto atasoma na kumwuliza mzazi wake. Serikali iiombe ile tume ya Uingereza kila orodha ya wapagazi iliyonayo, nakala zake zikae Lindi na Kilwa, si kwenye nyaraka za Dar es Salaam peke yake. Na vyuo vyetu viwatume wanafunzi vijijini sasa hivi, kwa wazee waliosimuliwa na babu na bibi zao, kwa sababu kila msimu wa mvua unaopita unaondoka na mzee mmoja zaidi.

Hilo la mwisho halihitaji hata serikali. Kama wewe ni mtu wa Nyangao, Mtama, Ruangwa, Nachingwea au Kilwa Kivinje, una simu yenye kinasa sauti. Ukienda nyumbani likizo hii, mkalishe bibi yako chini, mwulize ni nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo ya wazungu asirudi. Mwulize jina lake na jina la mama yake. Liandike.